Piga kwa simu, lakini safisha

Kuna washkaji hapa chuo wanatamba na kamera za mkanda, eti ndiyo sanaa yenyewe. Mkanda una picha 36 na kila moja ni hela. Kwa bumu hili? Mimi napiga kwa simu.

Ila wazee walituzidi kwa jambo moja: walisafisha picha. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio kule Zanzibar mwaka 1930, na picha zake za zamani bado zipo, kwenye karatasi. Wewe simu ikiibiwa kwenye daladala, mwaka wa kwanza wote umeondoka nayo. Serikali ya wanafunzi itenge hela, kila mwaka picha 20 tu zisafishwe, ziwekwe maktaba. Na zisiwe za viongozi peke yao.