Faini ya mfuko wa plastiki: nani anabanwa?

Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, adhabu iliyotangazwa ilikuwa faini ya shilingi za Kenya milioni 2 hadi 4, kifungo cha mwaka 1 hadi 4, au vyote viwili. Tanzania ilifuata Juni 2019, lakini ikapanga adhabu kwa ngazi: anayekutwa na mfuko, shilingi za Tanzania 30,000 hadi 200,000 au kifungo kisichozidi siku 7, mtengenezaji, milioni 20 hadi bilioni 1.

Faini ambayo mkulima hawezi kuilipa hufungua mlango wa rushwa. Inayolipika hutekelezeka. Ila mama muuza nyanya akitozwa huku mtengenezaji akiachwa, mifuko itarudi sokoni. Ukitozwa, dai stakabadhi.