Uimara wa Kampaundi Usisemwe bila Saa

Katika madarasa mengi ya kemia mwanafunzi huambiwa kwamba kampaundi fulani ni "imara", naye huliandika neno hilo daftarini kana kwamba ni sifa moja isiyogawanyika, kama vile rangi. Mafundisho ya namna hiyo yana kasoro, na kampaundi za kirali za chuma huifichua kasoro hiyo waziwazi.

Kirali ni kitu kisicholingana na taswira yake ya kiooni, kama kiatu cha kulia kisivyoufaa mguu wa kushoto. Mwaka 1912 Alfred Werner, huko Zürich, alionyesha kwamba ayoni ya chuma iliyozungukwa na molekuli tatu za bipiridini huwa ya namna mbili, ya kulia na ya kushoto, nazo hupinda nuru iliyopolarishwa kuelekea pande zinazopingana.

Ndugu ya ayoni hiyo ni feroini, kiashirio chekundu kilichozoeleka katika maabara. Humo chuma hushikwa na fenantrolini tatu kwa nguvu kubwa mno. Ikitengwa ya upande mmoja na kuwekwa katika nyuzi 25 za Sentigredi, nusu ya uwezo wake wa kupinda nuru hupotea kwa dakika 17 hivi. Lakini ili nusu ya ayoni zake zivunjike katika asidi, zahitajika zaidi ya saa mbili. Maana yake ni kwamba nyingi hubadili upande bila kuachia hata fenantrolini moja, kwa kujisokota tu. Je, feroini ni imara? Swali lenyewe halijakamilika: imara dhidi ya badiliko gani, na kwa muda gani?

Tangu mwaka 1969 Henri Brunner wa Ujerumani alitenga kampaundi ambamo metali yenyewe hushika makundi manne tofauti. Zile za chuma, zenye pete ya kaboni tano, kaboni monoksaidi, fosfini na kundi kama asetili, huuhifadhi upande wake vizuri katika joto la kawaida. Kwa sababu hiyo, katika miaka ya 1980, Stephen Davies wa Oxford aliweza kuzitumia kama kalibu, hata katika kutengeneza captopril, dawa ya shinikizo la damu. Kalibu ikigeuka upande kazini, dawa huchanganyika na pacha wake asiyetakiwa. Na kalibu hiyo hiyo, ikimulikwa kwa nuru kali, huweza kupoteza kaboni monoksaidi yake.

Itasemwa kwamba muhtasari wa masomo ni mrefu tayari. Lakini hapa haliongezwi somo. Huongezwa saa ya ukutani. Mwalimu asiye na polarimita aweza kutia feroini kidogo katika asidi, na wanafunzi wakaandika jinsi wekundu unavyofifia kila nusu saa. Kule kubadili upande, ambako hutangulia, jicho haliwezi kukuona: myeyusho hubaki mwekundu vile vile.