MTOTO ASIFUKUZWE JIKONI

Mwaka 1963, katika shule ya sekondari ya Magamba, Tanganyika, wanafunzi walikuwa wakijitengenezea aiskrimu. Desturi ilikuwa kuchemsha maziwa, kuyatia sukari, kuyaacha yapoe, ndipo kuyaweka katika friji. Kijana mmoja, Erasto Mpemba, aliona nafasi inakwisha, akayaweka yake yangali moto. Baadaye akakuta yake yameganda, na ya mwenziwe, ambayo hayakuchemshwa kabisa, bado uji. Akamwuliza mwalimu sababu. Akajibiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani.

Hakunyamaza. Alipokuwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza mgeni aliyekuja kuhutubia, Dr. Denis Osborne wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam. Wenzake wakamcheka. Osborne hakucheka, alirudi Dar es Salaam, jambo likajaribiwa, na mwaka 1969 yeye na Mpemba wakalichapisha pamoja. Hata leo wataalamu wanabishana juu yake, wengine wakikana kabisa kwamba maji ya moto hutangulia kuganda. Wabishane, lakini ubishi huo, popote ufanyikapo duniani, huitwa kwa jina la kijana yule.

Ndugu wananchi, twauliza: ni akina Mpemba wangapi tunaowanyamazisha majumbani mwetu kabla hawajaiona shule? Mtoto wa miaka minne huuliza mchana kutwa. Nasi humjibu, "Usinisumbue, nenda kacheze." Hata sisi tuandikao haya tumelisema neno hilo, mtoto alipotuuliza kwa nini mtungi unatoka jasho.

Na jibu halikuwa gumu. Udongo wa mtungi una vitundu vidogo mno. Maji hupenya, hukauka nje, na yakikauka huchukua joto la maji yaliyomo ndani. Mtoto alowanishwe mkono apungiwe kipepeo, ataliona hilo kwa ngozi yake.

Wako wanaodai kwamba sayansi yataka vyombo vya ghali. Hatukubaliani nao. Yai bichi huzama katika glasi ya maji. Mtoto na akoroge chumvi kijiko baada ya kijiko mpaka lielee. Mfuniko wa sufuria ukifunuliwa una matone, na kwa njia hiyo hiyo mvuke wa bahari hupoa juu ukawa mawingu na mvua. Maharage machache katika kitambaa kibichi yataota kwa siku chache. Ayageuze kichwa chini, atazame mzizi unavyopinda kutafuta chini. Haya yote hayazidi thamani ya mboga ya siku moja.

Liko jambo jingine ambalo twalisema bila kuficha. Mtoto wa kiume hufukuzwa jikoni, eti si mahali pake. Mtoto wa kike huachwa humo, lakini hapewa ila amri: koroga, osha, chota. Yeye ndiye aonaye kila siku hamira ikiumua unga na tui zito likipanda juu ya tui jepesi, wala hakuna amwambiaye kwamba hayo ayaonayo ni elimu. Baba aketiye barazani akingoja chakula aingie naye, aulize pamoja na wanawe. Heshima yake haitapungua. Tena moto, maji yachemkayo na mafuta ya taa havitaki mtoto peke yake. Mtu mzima hana budi kuwapo.

Mkaaji wa Dar es Salaam asiye na nafasi jikoni achimbie mti uani. Mwezi Juni, jua la saa sita mchana, kivuli kitaelekea kusini. Mwezi Desemba kitaelekea kaskazini. Mtoto aweke jiwe kila mara mahali kivuli kinapoishia. Atauliza kwa nini kimehama, na mzazi asiyejua aseme kwamba hajui, kisha wamfuate wote wawili mwalimu wa jirani jioni hiyo hiyo.