Je, Tufuge Mbwa Nyumbani?

Swali hili hutufikia mara kwa mara kutoka kwa wasomaji wetu wakaao mashambani na pembezoni mwa miji: je, yafaa Muislamu afuge mbwa? Baba huuliza kwa sababu mbuzi wake wameibwa usiku. Watoto huuliza kwa sababu wamemwona mtoto wa mbwa kwa jirani, wakampenda. Maneno ya maswali haya ni mamoja, lakini maswali yenyewe ni mawili, na kila moja lina jawabu yake.

Twaanza na Sheria. Katika Sura ya Al-Maida, aya ya 4, Mwenyezi Mungu ametuhalalishia mawindo yanayokamatwa na wanyama waliofundishwa kuwinda. Na katika Sura ya Al-Kahf, aya ya 18, ametutajia mbwa wa wale vijana wa pangoni, aliyekuwa kizingitini pao. Basi mbwa ni kiumbe mwenye kazi yake na mahali pake. Hata hivyo, imepokewa kwa Abu Hurayra, katika Sahihi za Bukhari na Muslim, kwamba mwenye kufuga mbwa asiye wa mifugo, wala wa kuwinda, wala wa shamba, hupungukiwa kila siku na kirati moja ya thawabu zake. Na katika mapokezi ya Ibn Umar zimetajwa kirati mbili. Imesihi pia kwamba Malaika hawaingii nyumba iliyo na mbwa. Haya si mambo ya kupuuzwa na mtu anayeijali Akhera yake.

Je, kulinda nyumba kumo katika haja hizo? Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ameeleza katika ufafanuzi wake wa Sahihi Muslim kwamba kauli iliyo sahihi zaidi katika madhehebu ya Shafii ni kujuzu, kwa kupimia juu ya zile haja tatu. Wala wanavyuoni hawakumsahau mtoto wa mbwa. Yeye bado hajui kuwinda, wala kuchunga, wala kulinda. Lakini kauli yenye nguvu ni kuwa yajuzu kumlea kwa nia ya kumfundisha kazi hiyo.

Basi jawabu ya baba mwenye mbuzi ni kuwa anayo ruhusa, ikiwa haja yake ni ya kweli. Ama kumfuga mbwa kwa kuchezewa tu, au kwa kuiga majirani, hakumo katika ruhusa hiyo. Wala mtu asimwite mlinzi mbwa aliyemleta kuwa mwanasesere wa watoto, kwani nia haifichiki kwa Mwenye kuijua.

Aliye na haja, na atazame mambo manne kabla ya kumleta mnyama huyo kwake.

La kwanza ni tohara. Madhehebu ya Malik yamhesabu mbwa kuwa ni tohara, na ya Abu Hanifa yaona najisi ni mate yake. Lakini kwa Shafii, ambayo ndiyo madhehebu ya wengi wa watu wa pwani yetu, mbwa wote ni najisi nzito: kitu kikigusana naye palipo na majimaji, hakina budi kuoshwa mara 7, moja katika hizo kwa maji yaliyochanganywa na udongo safi. Ikiwa ni pakavu kwa pakavu, hapana cha kuosha. Kwa hiyo banda lake liwe uani, mbali na mahali pa kusalia na kamba ya kuanikia nguo, na bakuli lake lijulikane, lisichanganywe na vyombo vya jikoni. Sasa tujiulize, ni nani atakayeziosha kanzu na kanga zilizolambwa? Mara nyingi mzigo huu humwangukia mama. Nyumba ambayo baba na watoto wamekata shauri, na mama hakuulizwa, haijakata shauri bado.

La pili ni namna ya kumpata. Mtume (S.A.W.) amekataza thamani ya mbwa, na kwa Shafii kumuuza mbwa hakusihi, ingawa wanavyuoni wa Hanafi wamejuzisha. Njia iliyo salama ni kupewa. Mbwa wetu wa mashambani huzaa watoto wengi kwa mara moja, na wenyewe hufurahi kumpata wa kuwachukua. Lakini asichukuliwe kabla ya kutimia wiki 8 tangu kuzaliwa, kwani atolewaye mapema kwa mama yake huwa dhaifu, na huenda akakua na tabia mbaya ya kuuma.

La tatu ni haki za mnyama mwenyewe, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Mtoto wa mbwa halindi kitu. Kabla ya kutimia mwaka ni mdogo, hulia usiku, hutafuna viatu, na hutaka kulishwa mara tatu au nne kwa siku. Akishakua, kwa kawaida ataishi miaka 10 hata 13. Mtoto wenu wa miaka 8 anayemlilia leo atakuwa kijana mwenye ndevu, pengine yuko chuoni katika mji mwingine, na mbwa bado yuko uani anangoja chakula chake. Atakula Ramadhani mchana ilhali ninyi mmefunga. Mkisafiri kwa Idi, hamna budi kumwachia mtu amani ya kumtunza. Akiwa jike, huenda akabeba mimba hata kabla ya kutimia mwaka, na baada ya siku 63 hivi mtakuwa na vijibwa vingine vya kulea. Zaidi ya hayo kuna dawa za minyoo, tangu akiwa mchanga, kwani minyoo yake huweza kuwadhuru watoto wenu. Na kuna kupe na viroboto. Wala asifungwe mnyororo mchana na usiku akidhaniwa kuwa atakuwa mkali kwa wezi. Mbwa wa namna hiyo huwa mkali kwa kila mtu, na wa kwanza kuumwa huwa ni mtoto wa nyumba.

La nne ni maradhi ya kichaa cha mbwa, na hapa twawaomba wazazi wasome kwa makini. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa maradhi haya huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao katika Afrika na Asia, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Katika kila watu 10 wanaoumwa na mnyama anayeshukiwa, 4 ni watoto wasiotimia miaka 15. Dalili zikishatokea, karibu hapana aponaye. Lakini kinga ipo tangu Louis Pasteur alipomchanja mtoto aliyeumwa, mwaka 1885. Mtoto wa mbwa achanjwe na daktari wa mifugo atimiapo miezi mitatu, na chanjo irudiwe kwa wakati atakaoambiwa mwenye mbwa. Kisiwani Pemba, mlipuko ulioanza mwaka 2016 ulizimwa kwa kuwachanja mbwa. Na mtu akiumwa, hata na mbwa wa nyumbani, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, lisitiwe majani wala pilipili, kisha apelekwe hospitali siku ile ile. Asiyekuwa tayari kumchanja mbwa wake ameleta hatari mlangoni mwa jirani zake, na haki ya jirani katika dini yetu yajulikana.

Baada ya kuyapima haya yote, nyumba nyingi zitaona kuwa jawabu ni la, na hilo ni jawabu jema. Watoto waambiwe sababu kwa upole, wala wasikemewe. Kupenda mnyama ni dalili ya moyo wenye huruma. Nyumba yaweza kuwa na paka, ambaye Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa si najisi. Au wapewe kuku wa kuwatunza wenyewe, wajue uzito wa kumlisha kiumbe kila siku.

Lakini kukataa kufuga si ruhusa ya kutesa. Twaona katika mitaa yetu vijana wakimfukuza mbwa kwa mawe, na watu wazima wakipita bila kuwakataza, kana kwamba unajisi wa mnyama umeondoa haki yake. Imesihi kwa Mtume (S.A.W.) habari ya mtu aliyeteremka kisimani, akajaza maji katika kiatu chake, akamnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo mbichi kwa kiu, na Mwenyezi Mungu akamsamehe dhambi zake. Mbwa yule hakuwa wake, wala hakumfuga. Amri ya kuosha mara 7 imetufundisha jinsi ya kujitoharisha; haikutufundisha kupiga mawe.

Basi enyi wazazi, kaeni pamoja na watoto wenu mulizane: haja yetu ni ipi? Nani atamlisha miaka 10 ijayo? Nani atamchanja, na nani ataosha? Mkiwa na jawabu ya kila moja, mleteni kwa jina la Mwenyezi Mungu, mkijua kuwa mtaulizwa juu yake. Mkikosa jawabu ya moja tu, mwacheni kwa mama yake.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe katika yaliyo sawa. Amin.