Mwombaji wa Miaka Arobaini na Neno «Lisansi»

Kila mwaka watu wazima hupanda ngazi za kitivo chetu wakiwa na bahasha mkononi: wahasibu, watumishi wa benki, wakuu wa ofisi katika makampuni ya shaba. Wanatafuta masta ya fedha ng'ambo, na wanaomba tuwatafsirie diploma na barua zao kwa Kiingereza. Wengi huuliza jambo moja: kwa miaka 40, je, sijachelewa? Kwa maoni yangu hawakuchelewa. Wanabisha mlango wa vijana, basi.

Maana masta za fedha si za aina moja. Nyingi, kama ile ya fedha za kimataifa ya HEC Paris, zimetengenezwa kwa vijana waliotoka chuoni juzi. Makampuni yanayokwenda kuajiri pale yanatafuta watu wa kuanzia chini, na mkuu wa ofisi mwenye watoto wanne hawajui wamweke wapi. Nyingine zinadai uzoefu. Cambridge inataka angalau miaka miwili ya kazi ya fedha. London Business School imezitenganisha kabisa: Masters in Financial Analysis ni ya wahitimu wapya, Masters in Finance ni ya waliokwisha kufanya kazi. Majina yanakaribiana, na mtu mwenye haraka huangalia orodha ya shule bora tu. Asome kwanza sharti la uzoefu.

Tena aangalie atarudi kufanya nini. Nchi yetu haina soko la hisa, lakini bei ya shaba yetu hufuata ile ya London Metal Exchange. Kwa mtu wa Lubumbashi au Kolwezi, somo la bei za madini na namna ya kujikinga nazo lina faida kuliko muhula mzima wa hisa.

Bei ni nzito. Hiyo Masters in Finance ya London inapita paundi 50,000, bila chumba wala chakula. Kwetu hapo ni kiwanja na nyumba juu yake. Ufadhili wa Chevening, wa serikali ya Uingereza, hauna kikomo cha umri. Unadai kama miaka miwili ya kazi, na kurudi nyumbani kwa miaka miwili baada ya masomo. Hapo mtu mzima ana nafasi nzuri. Anayejilipia mwenyewe ajue kwamba tangu Januari 2024 mwanafunzi wa masta ya kawaida ya darasani haruhusiwi kwenda Uingereza na mke, mume au watoto. Hilo lizungumzwe nyumbani kabla ya kulipa ada yoyote.

Sasa kazi yetu sisi wa lugha. Mwenye miaka 40 ana diploma ya kabla ya LMD: gradua miaka mitatu, kisha lisansi miaka miwili, jumla mitano. Mfaransa akisoma «licence» anahesabu mitatu. Mwingereza anafikiri ni ruhusa ya kuendesha gari. Kuna watafsiri wanaoandika «bachelor» wakaenda zao, na mwombaji amenyang'anywa miaka miwili kwa neno moja. Mimi naona tuliache neno kama lilivyo, tuongeze maelezo ya wazi: miaka mitano ya chuo kikuu, mfumo wa zamani.

Na barua yake tusiifanye changa. Tuna mtindo wa kufupisha miaka 15 ya benki kuwa mstari mmoja, ili mtu aonekane kijana mwenye ndoto, wakati msomaji wa Cambridge anaitafuta miaka hiyo hiyo. Aandike mikopo aliyoisimamia, wateja walioshindwa kulipa franka iliposhuka, na swali gani la kazi linalomrudisha darasani. Hilo la mwisho tumwulize kabla ya kufungua kamusi. Asipokuwa na jibu, tafsiri ingoje.