Nunua upana wa monita, namba za Hz zisikuzuzue

"Mlango wa nani huo?" Ndivyo baharia alivyoniuliza pale Mokowe nilipoingiza kartoni yangu kwenye boti. Haukuwa mlango. Ilikuwa monita ya inchi 34, ile pana, niliyoiwekea akiba miezi tisa. Nilipofika Amu nikaichomeka kwenye laptopu, nikatulia nione ile kasi ya 144Hz niliyolipia. Nikapata 50.

Hakuna aliyenitapeli. Monita ilikuwa fiti kabisa. Shida ilikuwa laptopu yangu kuukuu: tundu lake la HDMI ni la toleo la 1.4, na tundu hilo halina nguvu ya kupitisha picha kubwa kiasi hicho kwa kasi hiyo. Zile pesa za ziada nilizolipia kasi ni kama nilizitupa baharini. Na kwa mtu anayelishwa na kazi ya kuediti video, hizo si pesa za kuchezea.

Ndiyo maana nakuandikia wewe unayepiga hesabu sasa hivi ununue monita pana ya bei nafuu. Msimamo wangu ni huu: nunua upana kwanza, kasi iwe ya pili, na usitoe hata ndururu kabla hujakagua tundu la kompyuta yako.

Tuanze na upana. Skrini ya kawaida ina pikseli 1920 kwa 1080, kama milioni mbili hivi. Monita pana ya bei ya chini ina 2560 kwa 1080, karibu milioni 2.8. Ile ya juu kidogo ina 3440 kwa 1440, karibu milioni tano. Faida yake unaiona siku ya kwanza. Ukiediti, mstari wa klipu zako unaonekana mrefu bila kusogezasogeza. Ukifanya kazi ya kunukuu sauti, unaweka maandishi upande huu na kichezeo upande ule. Mteja anakulipia kazi iliyokamilika, na dakika unazopoteza ukirukaruka kati ya madirisha ni zako peke yako.

Lakini angalia inchi. Pikseli 2560 kwa 1080 kwenye inchi 29 zinapendeza. Zitandaze kwenye inchi 34 uone herufi zinavyokuwa na mikwaruzo. Ukitaka inchi 34 na unasoma maandishi kutwa, subiri upate ya 3440 kwa 1440, au chukua ya inchi 29 uendelee na maisha.

Sasa twende kwa Hz, yaani picha hubadilishwa mara ngapi kwa sekunde moja. Kwenye 60Hz kila picha hukaa kama milisekunde 16.7. Kwenye 100Hz hukaa 10. Kwenye 144Hz hukaa karibu 7. Umeona hesabu? Kutoka 60 kwenda 100 unaokoa karibu milisekunde saba, na jicho linaona, hata mshale wa kipanya unateleza. Kutoka 100 kwenda 144 unaokoa tatu tu. Hapo ndipo wauzaji wanapotutoa pesa.

Tena hiyo kasi lazima kompyuta iizalishe. Monita ya 3440 kwa 1440 inadai kazi mara mbili na zaidi ya skrini ya kawaida. Kama gemu linakupa fremu 40 leo, monita mpya haitakupa 144. Itakupa pungufu ya hizo 40. Na kasi ya monita haina uhusiano na kasi ya intaneti. Kama mechi inakwama kwa sababu seva iko mbali ng'ambo, hata 240Hz haitakuokoa.

Wale wa kibanda cha PlayStation nao wasikilize: PS4 na PS5 hazitoi picha ya upana huu. Utapata mistari myeusi kushoto na kulia, na wateja watakuuliza umenunua nini.

Kwa hivyo kabla ya kununua, tafuta modeli kamili ya kompyuta yako usome matundu yake. HDMI 2.0 kwa kawaida inakufikisha kama 100Hz kwenye 3440 kwa 1440. DisplayPort 1.4 inavuka 144 bila jasho. USB-C usiiamini kwa sura, kwani nyingine hupitisha chaji na data tu, picha hakuna. Na ukishaunganisha, ingia kwenye mipangilio ya skrini ubadilishe Hz mwenyewe. Kuna watu wamekaa mwaka mzima kwenye 60 bila kujua.

Hayo ni ya kila mtu. Sasa yale yetu sisi wa visiwani.

Bei uliyoiona mtandaoni si bei yako. Ongeza nauli ya mzigo hadi Mokowe, boti, na mwenye punda au mkokoteni wa kukufikishia mlangoni. Inchi 34 ina upana wa karibu sentimita 80 kabla ya kartoni, na vichochoro vya Amu unavijua. Kusi likivuma, funga kartoni kwa nailoni, maana maji ya chumvi hayajali waranti.

Na waranti yenyewe? Monita ikiwa na kasoro, ni wewe utakayeirudisha Mombasa au Nairobi kwa gharama yako. Kwa hivyo ikaguliwe kabla haijapanda basi. Kama una ndugu au rafiki huko, mwombe aende dukani, aiwashe, aweke rangi nyeupe, nyeusi na nyekundu skrini nzima, atafute vidoa. Dakika tano zake zitakuokoa safari ya siku mbili.

Halafu stima. Ikikatika, laptopu inaendelea kwa betri lakini monita inazimika papo hapo. Kama huna UPS ndogo, iweke kwenye bajeti kabla ya kuongeza hata Hz moja. Kazi ya mteja haisubiri umeme urudi.

Kuna jambo moja linatufaa lakini. Vyumba vya nyumba zetu za kale ni vyembamba, upana wake uliamuliwa na urefu wa boriti, na kuta nene huzuia jua. Paneli ya VA, ambayo ndiyo imejaa kwenye bei nafuu, ina weusi mzito unaopendeza kwenye chumba cha giza. Kasoro yake ni kuacha kivuli kitu cheusi kikikimbia. Kama kazi yako ni rangi za picha, tafuta IPS. Kama ni gemu za usiku na maandishi, VA inatosha. Usilipie mwangaza mkali ambao chumba chako hakiuhitaji.

Najua mzee mmoja barazani atasema hii yote ni anasa, mbona usinunue mashua. Shikamoo zake nampa, lakini simuungi mkono. Fundi wa mashua hachekwi akinunua msumeno mzuri. Hiki ndicho chombo chetu, na kijana wa Amu akiwa nacho anaweza kumfanyia kazi mteja wa ng'ambo bila kuhama kwao. Anasa ni kulipia 144 ukapata 50, kama nilivyofanya mimi.

Kwa wauzaji wa mtandaoni nina ombi moja: andikeni modeli kamili, aina ya paneli na toleo la tundu. "Monita kubwa, kasi noma" si maelezo. Nasi wanunuzi tusitume M-Pesa hadi tuyaone.

Mimi bado naitumia ile monita. Upana umenilipa mara kadhaa. Kasi inanisubiri nipate laptopu nyingine, na safari hii ndoo tukague tundu kwanza.