Mazoea Yetu Ndiyo Mtaji wa Muuzaji

Ndugu wasomaji, juma hili safu yetu inakusudia kuzungumzia jambo ambalo kila nyumba hulitenda, lakini ni nyumba chache zinazolitafakari, nalo ni kununua. Askari hufundishwa kulenga shabaha. Polisi hufundishwa kuandika maelezo ya ushahidi. Mwalimu hufundishwa kufundisha. Lakini ni nani miongoni mwetu aliyewahi kuketi darasani akafundishwa namna ya kwenda dukani? Tumejifunza kwa kuwatazama wazazi wetu, nao walijifunza kwa wazazi wao, wakati ambapo duka lilikuwa moja na bidhaa zake zilihesabika kwa vidole.

Upande wa pili wa meza mambo sivyo yalivyo. Muuzaji wa leo amesoma. Utafutaji wa masoko ni taaluma inayofundishwa vyuoni, yenye vitabu vyake, mitihani yake na vyeti vyake. Mimi mwandishi, ambaye kazi yangu ya ofisini ni habari za biashara na masoko, naweza kuwahakikishia kwamba somo la kwanza la taaluma hiyo si bidhaa. Somo la kwanza ni mnunuzi mwenyewe: hupata mshahara lini, hupita njia ipi, macho yake hutua wapi, na mkono wake hunyooka upande gani. Kwa ufupi, ni mazoea yake. Basi pana pande mbili sokoni, mmoja umejifunza na mwingine haukujifunza. Si ajabu kwamba mwezi huisha fedha zikiwa zimekwisha zamani.

Hapo kale mnunuzi alisimama mbele ya meza ya duka, akataja anachotaka, karani akakipima na kumfungia. Kitu alichokisahau hakukinunua. Mwaka 1916, katika mji wa Memphis, Marekani, mfanyabiashara aitwaye Clarence Saunders alifungua duka lililoitwa Piggly Wiggly, ambamo mnunuzi alichukua kikapu na kujihudumia mwenyewe. Alipokwisha kuingia, alifuata njia moja iliyopangwa, akapita mbele ya rafu zote mpaka kufika mahali pa kulipia. Gharama za makarani zilipungua, na hilo lilikuwa jambo jema. Lakini pia bidhaa zilianza kujinadi zenyewe. Mama aliyekuja kununua chumvi hakuwa na budi kupita mbele ya biskuti.

Mwaka 1937, katika mji wa Oklahoma City, mwenye maduka mwingine, Sylvan Goldman, alitambua kwamba mteja huacha kununua pale kikapu kinapomlemea mkono. Akabuni kikapu chenye magurudumu, ndilo toroli tunaloliona leo madukani. Mwanzoni watu hawakulipenda. Goldman hakubishana nao. Aliajiri watu wa kujifanya wateja, wakaranda dukani wakiyasukuma matoroli, mpaka wateja wa kweli wakaiga. Tazameni vyema, ndugu zangu. Mtu huyu hakugusa bidhaa wala hakugusa bei. Aligusa mazoea, na vikapu vikajaa.

Sanaa hiyo imekwisha kufika kwetu. Ingieni katika supamaketi ya Kampala, Jinja au Mbarara. Aghalabu mtaona kwamba mkate na sukari, vitu ambavyo kila mtu huvifuata, vimewekwa ndani kabisa, ili mnunuzi avipitie vingine vyote kwenda na kurudi. Peremende nazo zimepangwa karibu na keshia, kwa kimo cha macho ya mtoto, mahali ambapo mzazi husimama akingoja zamu yake na hawezi kuondoka. Mpangaji alijua kwamba mtoto atalia, na kwamba mzazi ataona haya mbele za watu.

Ama kuhusu bei, nani asiyeijua shilingi 9,900? Tofauti yake na shilingi 10,000 ni mia moja tu, lakini jicho husoma tarakimu ya kushoto kwanza, na moyo hunong'ona kwamba kitu hiki ni cha elfu tisa. Dawa yake ni nyepesi. Kila uonapo bei ya namna hiyo, ijumlishe mpaka elfu kamili kabla hujaamua.

Hila ya pili ni bei kubwa iliyopigwa mstari mwekundu, na chini yake bei ndogo ya leo. Mwaka 1974 wataalamu wawili, Amos Tversky na Daniel Kahneman, walieleza jaribio linalotuhusu sisi Waafrika kwa njia ya kuchekesha. Waliwauliza watu nchi za Afrika ni asilimia ngapi ya wanachama wa Umoja wa Mataifa, lakini kwanza walizungusha gurudumu la namba mbele yao. Wale walioona gurudumu likisimama kwenye 10, jibu lao la katikati lilikuwa 25. Wale walioona likisimama kwenye 65, jibu lao lilikuwa 45. Gurudumu halikujua lolote juu ya Afrika, lakini namba ya kwanza iliwavuta. Ndivyo inavyotuvuta bei iliyopigwa mstari. Swali la kujiuliza si kitu hiki kimepunguzwa kiasi gani, bali ni je, leo ningekihitaji kama kisingepunguzwa?

Sasa tuziache supamaketi, turudi katika kibanda kilicho karibu na lango la kambi, kwa maana huko ndiko mshahara mwingi unakokwenda. Hapo mlaji hukutana na vipakiti vidogo vidogo: sukari ya asubuhi moja, sabuni ya kufua mara moja, mafuta ya chungu kimoja. Tuseme, kwa mfano tu, kilo moja ya sukari ni shilingi 5,000, na kipakiti cha gramu 50 ni shilingi 400. Shilingi mia nne hazimtishi mtu. Lakini kilo moja ni vipakiti 20, na vipakiti 20 ni shilingi 8,000. Mnunuzi wa vipakiti amelipa 3,000 zaidi kwa sukari ile ile. Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo, na gogo lenyewe hapa ni mshahara.

Hatusemi kwamba kipakiti ni kibaya. Askari aliye safarini hana mahali pa kuweka kilo, na mjane mwenye shilingi elfu moja mkononi hawezi kuambiwa anunue gunia. Tunasema kwamba mwenye uwezo wa kununua kilo asinunue vipakiti kwa sababu ya mazoea tu. Kadhalika tusidanganywe na ukubwa wa boksi. Mwaka 2016 huko Uingereza, chokoleti ya Toblerone ya gramu 400 ilipunguzwa ikawa ya gramu 360, kwa kuacha nafasi pana zaidi baina ya vilima vyake, na wanunuzi wakapiga kelele. Wao walibahatika, kwa kuwa pengo lilionekana kwa macho. Sabuni inapopunguzwa gramu chache, pengo halionekani. Someni uzito, si picha. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, agizo la mwaka 1998 linawataka wauzaji waonyeshe bei kwa kilo au kwa lita pamoja na bei ya kitu chenyewe. Mahali ambapo bei hiyo haikuandikwa, mama wa nyumba anaweza kuipata kwa kugawanya, na hesabu hiyo mtoto wa darasa la sita aweza kumsaidia.

Tufike sasa kwenye jambo zito zaidi, nalo ni kitabu cha deni. Wengi wetu hula mwezi huu kwa mshahara wa mwezi ujao. Mume yuko kazini mbali, mke yuko kambini na watoto, na mwenye duka ni mtu mwema asiyekataa kuandika. Chukua unga, chukua mafuta, chukua na soda ya mtoto, utalipa mwisho wa mwezi. Anayenunua kwa kitabu haulizi bei, kwa sababu hatoi fedha. Kukopa harusi, kulipa matanga. Siku ya mshahara hesabu husomwa, na kwa kuwa daftari ni moja nalo limo mikononi mwa muuzaji, hakuna wa kuipinga.

Kisha mume hurudi likizo akauliza: fedha nilizotuma zilikwenda wapi? Mke hana jibu, si kwa sababu alizitapanya, bali kwa sababu zilitoka mia nne mia nne. Hapo ndipo ndoa za watu waadilifu huingia ufa. Mume humshuku mke, mke huumia moyoni kwa kuwa alijinyima, na watoto husikiliza wakiwa nyuma ya pazia. Na mume naye ajiulize: jioni ile ya mshahara aliwanunulia wenzake vinywaji vya kiasi gani kantini, na je, ameviandika popote? Mali bila daftari hupotea bila habari. Nunueni daftari la shule, mchore safu tatu: tarehe, kitu, fedha. Aliye nyumbani aandike lake, na aliye kazini aandike lake. Siku mtakapoketi pamoja, mtasomeana hesabu badala ya kushutumiana. Hata mwenye duka atawaheshimu zaidi akijua kwamba kitabu chake kina mwenzake.

Pana pia nguvu ya kununua pamoja. Tarehe 21 Desemba 1844, katika mji wa Rochdale, Uingereza, wafanyakazi 28, miongoni mwao wafumaji, walifungua duka lao wenyewe, kwa kuwa walichoshwa na unga uliochanganywa na takataka na mizani ya hila. Walianza na siagi, sukari, unga na mishumaa. Hawakukopesha, walipima kwa haki, na faida waligawana kwa kadiri ya alichonunua kila mmoja. Vyama vingi vya ushirika duniani vimejifunza kwao. Hapa Uganda wanajeshi walianzisha chama chao cha akiba na mikopo, Wazalendo, mwaka 2005. Basi majirani wanne kambini hawashindwi kununua gunia moja la maharage. Tuseme gunia la kilo 100 linauzwa kwa shilingi 3,000 kila kilo, na rejareja kilo ni 3,600. Gunia zima huokoa shilingi 60,000, yaani 15,000 kwa kila nyumba. Hizo ni madaftari ya mtoto kwa muhula.

Serikali nayo ina wajibu wake. Tarehe 15 Machi 1962, Rais John F. Kennedy wa Marekani alilitajia Bunge la nchi yake haki nne za mlaji: kuwa salama, kupewa habari, kuchagua na kusikilizwa. Tangu mwaka 1983 tarehe hiyo huadhimishwa kuwa Siku ya Haki za Walaji Duniani. Mwaka huo huo wa 1983 ilipitishwa hapa kwetu sheria ya kuunda Shirika la Viwango la Taifa, UNBS, lililoanza kazi mwaka 1989, na ambalo pia hukagua mizani na vipimo vya biashara. Lakini mkaguzi hawezi kusimama katika kila kibanda. Mlaji atazame mwenyewe alama ya ubora, asome tarehe ya mwisho wa matumizi, na ahakikishe kwamba mshale wa mizani uko kwenye sifuri kabla bidhaa haijawekwa.

Mwisho, duka siku hizi limeingia ndani ya simu. Ukitazama viatu mara moja, viatu hukufuata siku saba, na saa ndogo huhesabu dakika zilizobaki kabla bei haijapanda. Muuzaji aliyekutengea dakika kumi hataki ufikiri. Jiwekeeni amri ya nyumbani: kitu kisicho chakula wala dawa kisinunuliwe siku ile ile kilipotamaniwa. Kilale usiku mmoja. Kikiwa bado kinahitajika asubuhi, na daftari likakubali, kinunuliwe.

Ndugu wasomaji, muuzaji si adui yetu. Anatafuta riziki kama sisi, na wengi wao ni jamaa zetu. Lakini yeye ameyasoma mazoea yetu kabla sisi wenyewe hatujayasoma, na fedha anazozipokea ni zile ambazo askari amezikesha na polisi amezinyeshewa mvua. Juma hili, kabla ya kwenda dukani, andikeni orodha; mkifika dukani, gawanyeni bei kwa uzito; mkirudi, fungueni daftari. Fanyeni hivyo hadi mshahara ujao, kisha mke na mume wahesabu pamoja kilichobaki. Haba na haba hujaza kibaba. Tuonane tena juma lijalo.